Katika Picha Yako Mimi Nimekufa

Frowin, mwanangu,

Tiketi yako ya Dar iko juu ya redio. Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani na ya kutomwachia mtu begi ukishuka kujinyoosha, shangazi yako Eufrasia ameshakuimbia tangu juzi, na kesho stendi atayarudia. Hayo nayaruka. Mimi nina mawili tu. La kwanza ni malalamiko, na nimeyatanguliza makusudi, maana nikianza na lile la pili sitafika mwisho.

Katika picha yako mimi nimekufa.

Sikusema neno Jumapili tulipotoka kuitazama ukumbi wa parokia. Watu walikuwa wanakupa mikono, padri anakusifu, nikaona si mahali pake. Lakini nilikaa pale benchi la tatu, nimenyoa, nimevaa shati la Pasaka, na kitu cha kwanza kutokea ukutani ni koti langu la mvua limetundikwa kwenye msumari, na yule binti wa kwenye picha anasema, "Hilo lilikuwa la marehemu baba." Frowin, lile koti nililitafuta wiki nzima. Nilimtuhumu kijana wa mashineni, mtoto wa watu, nikamwambia arudishe au aondoke.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Jirani yetu Kasian, ambaye hajaacha kunicheka tangu tulipokuwa tunabeba magunia ya kahawa pamoja ghalani, akaniinamia sikioni. Kunong'ona kwa Kasian kunasikika mpaka barabarani.

"Marehemu, za huko?"

Nikamwambia huko hakuna ushuru wa mazao, aje.

"Nakuja. Nishikie kiti."

Watu wakacheka na mimi nikacheka. Asubuhi yake mashineni ikawa ndiyo hiyo. Mama mmoja kaleta debe lake la mahindi, anauliza, "Leo tunamlipa nani, marehemu au mjane wake?" Nikamsagia, nikachukua hela, nikamwambia marehemu ndiye anayepokea.

Sasa tuongee sisi wawili. Aliyekufa ni mama yako. Mimi ndiye niliyebaki na wewe, ukiwa darasa la sita. Kwenye picha umegeuza, yeye umemrudisha na mimi umeniondoa. Kumrudisha sikulaumu. Ningekuwa na kamera na hicho kipaji chako, hata mimi ningemrudisha. Yule mama alipotoka jikoni, kanga kaifunga kifuani na fundo liko kushoto kama alivyokuwa akifunga mama yako Hyasinta, niliinuka kidogo kwenye benchi bila kujua. Kasian akanivuta shati. Ninachouliza ni hiki: kwa nini tusitoshe wawili? Picha nzima inaenda saa moja na nusu. Mtu anakosa hata dakika tano humo?

Kisha nikaanza kuona kitu kingine, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Yule mjane wako anapanda shambani kule Ukata na fyekeo, anafyeka nyasi, anazilaza mwenyewe. Huko uendako watakuuliza ile miraba ya nyasi ni nini, jiandae kuwaeleza. Waambie sisi Wamatengo tunalima mlimani, na mlima usipochimbwa ngolo udongo wote unateremka mtoni. Mwanaume anafyeka na kulaza nyasi miraba miraba. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba katikati ya kila mraba, udongo anafunikia nyasi, linabaki shimo la kushika maji, na juu ya matuta ndipo maharage yanapandwa. Mwanaume hafukii, mwanamke halazi. Ndivyo tulivyokuta.

Kwa hiyo yule mama alipoanza kulaza nyasi peke yake, kina mama ukumbini wakapiga vigelegele. Kina binti wakasimama. Mimi nimekaa pale najiuliza, na yule mgane je? Yule aliyelaza nyasi, akamaliza, akatazama huku na huku, akachukua jembe la marehemu mke wake na kufukia mwenyewe mraba hadi mraba? Mbona huyo hakupigiwa hata kigelegele kimoja?

Hakupigiwa kwa sababu hakuna aliyemwona. Alihakikisha haonekani.

Ulipouliza mwaka ule nani amefukia shamba, nilikujibu shangazi yako amekuja na wenzake kutoka Mbuji. Hakuja mtu. Shangazi yako alikuwa na shamba lake na watoto wake sita. Siku ya kwanza nilifukia mchana, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kapu la parachichi akasimama kwenye njia ya juu. "Shemeji," akaita, na wenzake wako nyuma yake, "mbona hukutualika? Umeolewa lini?" Walicheka mpaka wakaweka makapu chini. Nikajifanya napima shimo. Kuanzia siku hiyo nikawa napanda kule ukungu ukiwa bado umelala mteremkoni, nafukia mpaka jua linapoufukuza, kisha nashuka na kuvaa viatu, naenda ghalani kubeba magunia kama mwanaume.

Na uji wako wa ulezi nilisema kaleta shangazi. Shuka zako, ile miaka uliyoanza kunywa na kurudi umejitapikia, nilisema kafua shangazi. Ulikuwa unaamka unakuta kitanda kisafi, na mimi niko nje nimeshika kalamu napiga hesabu za watu, uso umekauka.

Baada ya picha kwisha nilimfuata yule uliyempa nafasi ya mama, Mama Adventina. Nilikuwa na hasira kidogo, nisikudanganye. Nikamuuliza pale anapokamua shuka, ncha moja kaizungushia nguzo ya baraza, nyingine anaisokota, amejifunza wapi? Maana watu wawili wakikamua shuka hawahitaji nguzo. Nguzo ni ya mtu aliye peke yake.

Akasema, "Baba Frowin, mwanao alinipeleka kwa shangazi yake nikaangalie mikono yake. Nikamwambia shangazi, nionyeshe ulivyokuwa unamfulia. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Akasema, ndivyo ilivyofanywa kwa kina Frowin. Hakusema na nani."

Eufrasia ameitunza siri yangu miaka yote hii kwa mdomo, na mikono ikamponyoka.

Basi malalamiko yangu yakaishia hapo, kwenye ngazi za ukumbi. Mtoto ameweka kwenye picha alichokiona. Aliona mwanamke anafua, anapika, anafukia, na huyo mwanamke nilimtengeneza mimi. Nilikuwa najiambia nafanya hivyo usichekwe na wenzako shuleni. Sivyo. Niliyekuwa naogopa kuchekwa ni mimi. Ukakua unajua baba ni mtu wa mizani na mashine, na kwamba huruma ndani ya nyumba hii inaletwa na watu wa nje na kuondoka nao. Kama ningekuita siku moja tu ukashika ile ncha nyingine ya shuka, pengine ungejua.

Hilo ndilo la kwanza. Sasa la pili.

Nazungumzia mwisho wa picha.

Kijana, uliyemwigiza mwenyewe, anashuka mchangani kule Chiwanda ziwani na nguo zake zote. Mama anamwita kutoka juu. Yeye hageuki. Maji yanafika magotini, kiunoni, kifuani, kisha kichwa hakipo, ziwa limetulia kama hakuna aliyepita. Mama bado anaita. Halafu giza, na majina yanaanza kupanda.

Watu walipiga makofi. Kasian alikuwa analia, mwanaume mzima, anajifuta kwa kofia. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nahesabu. Tangu kichwa kilipozama nilianza moja, mbili, tatu, kama mtu anayengoja mzamiaji atoke. Nilifika sitini na kitu. Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kwangu, karibu na projekta, mzima, shati jeupe, na mimi bado nahesabu, nangoja utoke kule ukutani. Nikageuka nikakutazama. Ulikuwa unatazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine. Kwangu hukufika.

Nilimuuliza Mama Adventina habari ya siku ile. Aliniuliza kama nimekula. Ndipo akasema.

"Tulirudia mara tatu, Baba Frowin. Mara mbili alizama na kutoka vizuri tu. Ya tatu alikaa chini. Alikaa, alikaa, mpaka kijana wa kamera akaitupa kamera mchangani akaingia na viatu. Alipotolewa alicheka, akasema, hiyo ndiyo tutakayotumia. Yule mama unayemwona anaita pale mwisho, mimi kabla ya hapo naigiza. Pale siigizi."

Frowin. Ukiacha kufa kwangu, kila kitu kwenye picha yako kilitokea nyumbani kwetu. Shuka zilitokea. Uji ulitokea. Kuacha shule kidato cha tatu kulitokea, na redio ya zamani uliyoiuza ukanywea pombe ilitokea, ile ile. Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga, najua kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini. Nimeipitia picha yote kichwani, tukio baada ya tukio, nikitafuta kitu ulichokibuni. Nimekuta kimoja, ni ule mwisho. Na naogopa kwamba hukuubuni. Naogopa kwamba bado haujatokea.

Maana unajua na mimi najua kwa nini uliuchagua ufuko ule.

Yule mwenye mitumbwi wa Chiwanda, uliyekuwa ukimvulia samaki, aliponipigia simu akisema njoo umchukue mwanao, nilishuka Mbamba Bay, nikapanda pikipiki mpaka kule, vumbi limenifanya mwekundu. Nilidhani umeiba nyavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa nyavu, hata bei zake nilikuwa nimeuliza njiani. Yule bwana alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akatuma mtoto alete maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama ziwa wala si mimi:

"Mzee, kijana wako si mvivu, na wala si mwizi. Samaki anavua kuliko wangu mwenyewe. Ila usiku anaingia majini peke yake na nguo zake, anasimama maji yakiwa shingoni. Vijana wamemtoa mara mbili. Mimi siwezi kulala. Mchukue."

Nilielewa. Sitaki uondoke ukidhani baba yako hakuelewa, au alidhani ni pombe. Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Ndipo ukatokea nyuma ya kibanda, suruali inachuruzika, ukaniambia, "Shikamoo baba." Na mimi nikasema nini? Sikuitikia marahaba. Nilisema, "Unajua nauli ya kuja huku ni kiasi gani?"

Ulitazama chini. Ukasema hujui. Nikakutajia.

Njia nzima kupanda milima kurudi Mbinga nilikuwa nakueleza bei ya kahawa. Kilo ngapi za matunda zinatoa kilo moja kavu, gunia linapunguka kiasi gani likikaa ghalani, kwa nini mnunuzi wa kwanza si lazima awe mbaya. Wewe unasema, "Ndiyo baba. Ndiyo baba." Kondakta akalalamika, "Mzee, kijana wako ameniloanishia siti!" Nikamwambia amemwagikiwa maji ya kunywa. Amemwagikiwa. Mpaka kiunoni, mpaka ndani ya viatu.

Hiyo safari umeiweka. Yule mama amekaa dirishani anahesabu sarafu za nauli kwenye kitambaa, anazihesabu tena, kijana pembeni yake ameloa anatetemeka, na kamera haiondoki. Ukumbini watu walicheka walipoona anahesabu mara ya tatu. Mimi niliona uso wangu. Pale hukunibadilisha, mwanangu, ulinivika kanga tu.

Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu, si kwa kujitetea. Mimi nikiogopa nahesabu. Nimekuwa hivyo tangu nilipofika mjini na kaptula moja, sina ndugu wa kunipa hata mhogo, na ndugu niliokuwa nao walishagawana cha baba bila kuniita. Niligundua kwamba nikijua idadi ya kitu hakinitishi sana. Magunia, hatua, siku za kungoja mshahara. Kwa hesabu nimejenga nyumba hii na mashine mbili, kwa hiyo sizitukani. Lakini mama yako alipokuwa anaondoka, aliniuliza siku moja mchana, akiwa ameegemea ukuta pale uani, "Wewe, huyu mtoto utamwambia nini?" Nikamwambia bado vidonge kumi na nne, akimaliza atapona. Hakuuliza tena. Alikuwa anataka tuzungumze habari ya kufa kwake, na mimi nikampa idadi ya vidonge. Aliingia nayo kaburini peke yake, ile habari.

Na wewe nilikufanyia hivyo hivyo, kwa nauli.

Tangu siku ya Chiwanda umeacha pombe, umepata kazi ya kupiga picha harusi na vipaimara, umejifunza mwenyewe kwenye simu mpaka watu wa Dar wameiona kazi yako na kukuita. Mtaa mzima unasema, "Baba Frowin, umeona, kijana ametulia." Na mimi najibu, ametulia. Lakini kila ukichelewa kurudi natoka mpaka barabarani kusikiliza pikipiki. Ukifunga mlango wa bafuni nasikiliza maji. Ulipoaga kwamba mnakwenda Chiwanda kurekodi, nilikuuliza kama mmechukua mafuta ya jenereta ya kutosha. Hilo ndilo swali nililoona linafaa.

Kesho unakwenda mahali ambapo siwezi kusimama barabarani kusikiliza. Hapo ndipo woga wangu ulipo, wote. Siogopi jiji. Siogopi wanawake wala wezi, wala hao wenye kampuni wakikupunja, ukipunjwa utajifunza kama nilivyojifunza. Naogopa chumba cha kupanga, wewe ndani, mlango umefungwa, na hakuna kijana wa kamera wa kuingia na viatu.

Sikuombi ubadilishe picha. Koti mwachie marehemu, mimi nimenunua jingine, na kijana wa mashineni nimemwomba radhi. Wakikuuliza huko kama ni kisa cha kweli, waambie unavyotaka. Waoneshe watu mwisho ule ule kama ndio mzuri, wanaojua picha wanasema ni mzuri. Mimi niwe marehemu humo kwa miaka yote. Wewe usiwe.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako nikimaliza mstari huu na michache inayofuata. Naiandika kwa sababu nimejaribu kwa mdomo tangu Jumapili. Juzi nilikuja mpaka mlangoni kwako nikakuuliza kama umepata sabuni. Jana nilikufuata uani nikakuuliza saa. Ulinipa saa, ukanitazama, ukangoja. Nadhani ulijua kuna kitu, na mimi nikaondoka nayo ile saa.

Kwa hiyo naliandika swali hapa, ili likitoka mdomoni mwangu lisikushtue, na ili nisipate pa kukimbilia.

Frowin, unataka kufa?

Nimeandika. Halijaniua, nawe naamini halitakuua kulisoma. Sitaki jibu la kunifurahisha. Ukisema hapana, nitakuamini, nitabeba begi lako mpaka stendi na nitapunga mkono kama wazazi wengine. Ukisema ndiyo, sitapiga kelele, sitamwita padri, sitamwambia shangazi yako mpaka uniruhusu. Basi litaondoka bila wewe, na hao watu wa Dar nitawapigia mwenyewe niwaambie kijana wangu anaumwa, atakuja akipona, na tutatafuta daktari wa maradhi hayo hata ikibidi tuhamie Songea mimi na wewe tukapange chumba. Mashine zitasaga bila mimi.

Na kama hujui, sema hujui. Usihangaike kutunga maneno ya kunieleza. Sogea tu upande wa ukutani, uniachie nafasi kitandani. Nakuja kukaa usiku huu huu, na sitakuuliza habari ya kitu kingine chochote.

Baba yako